Njiwa wa Dosa na Mwezi wa Tishri

Kefari Ramta, Galilaya
Siku ya ishirini na tano ya mwezi wa Tishri

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Dosa bin Zabdai, mkazi wa Nehardea, kando ya mto Frati.

Amani iwe juu yako, juu ya shemeji yangu Ahata, na juu ya wote walalao chini ya paa lako. Mimi kaka yako ni mzima wa mwili na timamu wa akili. Sikukuu zote tumezivuka salama. Zeituni zimezaa kiasi, mbuzi mweupe amekufa, na binti yangu Tabita, ambaye tangu afiwe na mumewe amerudi kuniangalizia nyumba, anakusalimu baba yake mdogo kwa heshima zote. Kitani nilichofuma msimu huu utakipokea kwa mkono wa mchukuzi huyu huyu.

Baada ya salamu naingia katika jambo lenyewe, na nakuomba ulisome mara mbili.

Jioni ya siku ya ishirini na tisa ya Eluli nilipanda kilima cha kupuria ngano pamoja na Tabita na jirani yetu Shila mfinyanzi, ili kutazama kuandama kwa mwezi wa Tishri. Mbingu ilikuwa safi. Mwezi ukaandama. Mimi na Shila tukashika fimbo na mikate, palepale tukaenda zetu mahakamani mjini, kwa kuwa shahidi wa mwezi hazuiliwi na siku takatifu. Njia nzima Shila alinisumbua kwa maneno ya kunidhalilisha: "Jiwe hilo, Halafta. Shimo hilo, Halafta. Inua mguu, bwana." Utadhani naongozwa harusini nikiwa bibi harusi. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima ya safari.

Tulifika asubuhi. Ua wa mashahidi ulikuwa umetandikwa meza kama kawaida, kwa maana wazee wa mahakama hawataki mtu aliyeuona mwezi aone uvivu wa kuja. Shila akaingizwa kwanza, akahojiwa, akatoka, akasimama mlangoni. Nikaingia mimi. Walikuwa waamuzi watatu. Wakaniuliza mwezi ulikuwa upande gani wa jua, kimo chake, unene wake, na pembe zake zilielekea wapi. Nikajibu kwa mpangilio: "Waheshimiwa, ulikuwa kusini mwa machweo, kimo cha mkuki mmoja na nusu juu ya ukingo wa dunia, mwembamba kama ukingo wa ukucha uliokatwa, na pembe zake zilielekea kusini." Niliona wazi kwamba maneno yangu yamewaridhisha. Ndipo mmoja wao akainua ubao uliochorwa miezi ya namna nyingi, akasema, "Basi tuonyeshe, baba. Kama upi?"

Kabla sijainua mkono, sauti ikapigwa kutoka mlangoni: "Huyo hafai! Mrusha njiwa huyo!"

Ilikuwa sauti ya Shila.

Dosa, unajua sheria. Mwezi hauanzi kwa kuonekana. Unaanza mahakama inaposema umeanza, na mahakama haisemi bila vinywa viwili vinavyofaa. Mcheza kamari hafai, mkopesha riba hafai, na anayeshindanisha njiwa hafai. Ubao ukateremshwa. Karani akaniuliza kama nina la kusema. Nilikuwa nalo, refu na lenye mantiki, lakini wachungaji wawili kutoka upande wa ziwa walikuwa wameshaingia nyuma yangu, na kwa vinywa vyao mwezi ukatakaswa, yaani ukatangazwa kuwa umeanza. Wakauelezea sawasawa na nilivyouelezea mimi. Jambo hilo nalisisitiza.

Mwezi wa Nisani uliopita, niliposhuhudia, nilipokewa katika ua ule ule kama mtu wa maana. Nililetewa bakuli langu peke yangu. Leo jina langu limo katika gombo la wasiofaa, na wanawake kisimani wanaigiza sauti ya njiwa nikipita.

Njiwa wale walikuwa wako. Kibanda ulikijenga wewe, mashindano ulicheza wewe, na ulipohamia Babeli miaka minne iliyopita niliwauza wote. Hivyo nakuomba, kwa udugu wetu, uniandikie barua iliyothibitishwa na watu wawili, ukikiri hayo. Nimeandaa ombi langu kwa mahakama, lenye aya kumi na moja. Litasikilizwa mwezi wa Adari, ili Nisani ikifika niwe nimerudishiwa haki yangu ya kushuhudia. Bila barua yako ombi hilo ni mwili usio na uti wa mgongo.

Nina swali moja dogo. Shila alihamia mtaa wetu mwaka juzi. Njiwa wako hakuwaona kamwe. Nani alimwambia?

Wako katika haki,
Halafta bin Zabdai


Nehardea
Siku ya kumi na saba ya Marheshwani kwa hesabu yetu. Kama huko mliongeza siku, basi ya kumi na sita

Kaka Halafta,

Amani kwako na kwa Tabita. Huku sote wazima. Ahata amejifungua mtoto wa kiume siku nane kabla ya sikukuu, tumemwita Zabdai, jina la baba, na ana sauti ya baba pia. Bia ya tende ni nzuri mwaka huu. Najua utakunja uso, mtu wa divai wewe, lakini ukija utakunywa na utanyamaza.

Sikukuu tumekula siku mbili mbili kama kawaida yetu, maana wajumbe wa mahakama hawafiki mpaka huku, na hatujui mwezi mliuanza lini. Ahata husema shaka inanenepesha.

Pole kwa yaliyokupata. Barua unayoitaka nitaiangalia. Mwandishi wa mtaa wetu ni mgonjwa, na wale wawili ambao wangethibitisha wako safarini. Usiwe na haraka.

Ila na mimi nina maswali madogo, kaka, usichukie. Kilimani mlikuwa watatu. Nani aliuona mwezi kwanza? Nani alisimama karibu na nani? Na ule ukingo wa ukucha uliokatwa, umetoka wapi? Mimi naujua. Tabita alipokuwa na miaka mitano nilimbeba mabegani kilimani palepale, na ni yeye aliyepiga kelele, "Baba mdogo, kuna mtu amekata ukucha akautupa juu!" Tulicheka mpaka tukashuka. Wewe hukuwapo jioni ile, ulikuwa kwenye kitanda cha kufumia.

Jambo jingine. Kitani kimefika. Ahata alikitandaza mwangani akaniita. "Shemeji yangu kaanza kuajiri watu?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, anafuma mwenyewe. Akaniwekea kidole hapa, na hapa, na hapa, kila mahali uzi ulioruka. Nimekiuza kwa watu wa mashambani, hawakusema kitu.

Na mwandiko wako, kaka. Zamani ukurasa mmoja ulibeba barua nzima. Hii imekula kurasa tano, na mistari inapanda kama mtu anayepanda ngazi. Umebadilisha kalamu?

Mdogo wako,
Dosa


Kefari Ramta
Siku ya kumi ya Kislevu

Kwa Dosa bin Zabdai.

Amani. Nakupongeza kwa kupata mtoto wa kiume, na kwa jina ulilompa. Mvua zimeanza. Tabita alikuwa na kikohozi, sasa ni mzima, ingawa amekuwa mtu wa kunyamaza. Nikimuuliza ana nini, ananijibu anafikiria kuni.

Nimepokea kurasa zako. Niliomba barua ya ushahidi, nikapewa habari za bia. Niliuliza swali moja, nikarudishiwa matano. Mtu asiye na la kuficha hujibu kwanza ndipo huuliza.

Kuhusu kalamu: ndiyo, nimebadilisha. Kuhusu kitani: uzi wa mwaka huu ulikuwa mbaya. Kuhusu kilimani: tuliuona sote. Sioni faida ya kupima nani aliwahi.

Sasa nakuarifu yaliyotokea kwa Shila. Siku ya tatu ya juma nilikwenda kwenye tanuri lake kudai maelezo, kwa utulivu na kwa maneno niliyoyaandaa. Kwa bahati mbaya nilikanyaga vyungu vitatu vibichi vilivyoachwa njiani kwa uzembe, na hivyo mazungumzo yakaanza vibaya.

"Haya, vunja tu!" akasema. "Vitatu hivyo. Bado saba, malizia!"

"Shila," nikamwambia, "nimekuja kwa jambo la njiwa. Ulisema neno la uongo mbele ya waamuzi. Nani alikupa?"

"Nenda nyumbani, Halafta. Udongo wangu unakauka."

"Hujawahi kuniona na njiwa hata mmoja."

"Njiwa wana mabawa, bwana. Habari zao zinaruka."

"Ulipoteza hata ushahidi wako mwenyewe! Kunikataa mimi kulikuwa kujikataa wewe, maana kinywa kimoja si ushahidi. Mtu anajinyima heshima ya mwezi kwa faida gani? Nani alikulipa?"

Hapo akaacha gurudumu lake. Nilisikia likizunguka lenyewe mpaka likasimama. Akasema polepole, "Hakuna aliyenilipa. Na wewe usiniulize tena, maana safari hii nitakujibu."

Mke wake akacheka kutoka ndani: "Mwacheni mwenye njiwa! Kesho njiwa wake watamwonea mwezi, yeye abaki kitandani!"

Dosa, nimelitafakari neno lile kwa siku tisa: "safari hii nitakujibu." Mtu mkweli kiasi hiki, ambaye mnunuzi akiuliza kama chungu kina ufa humwonyesha hata ufa usioonekana, anasema uongo mmoja tu katika maisha yake, na uongo wenyewe unahusu njiwa wako. Hapa Kefari Ramta wanaowakumbuka njiwa wale ni mimi, Tabita, na mzee mwenye shinikizo la kukamulia zeituni, ambaye hasikii wala hasemi. Tabita ni damu yangu. Huyo mzee yuko kama nilivyosema. Anayebaki yuko Nehardea anakunywa bia.

Aidha, mchukuzi wetu ameropoka kwamba katika safari moja ya majira ya joto yaliyopita alileta barua mbili kutoka kwako. Moja ilikuwa yangu. Ya pili akasema hakumbuki alimpa nani, kisha akaanza kufunga mizigo ya punda ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Nauliza kwa maneno mepesi ili pasiwe na mlango wa kutokea: je, ulimwandikia Shila?

Nangoja majibu mawili, la swali hili na la barua ya ushahidi.

Halafta bin Zabdai


Nehardea
Siku ya tatu ya Teveti, au ya pili, mnajua ninyi

Kaka,

Amani. Wote wazima. Mtoto ameota jino.

Nitakujibu swali lako ukinijibu hili moja. Barua zangu, unazisoma mwenyewe, au kuna anayekusomea?

Dosa


Kefari Ramta
Siku ya ishirini na nne ya Teveti

Kwa Dosa bin Zabdai.

Amani, kwa kuwa sheria haimruhusu mtu kuinyima hata kwa anayemtilia shaka.

Nimepokea barua yako ya mistari minne. Nimeisoma kwa macho yangu mwenyewe, mwangani, bila msaada wa mtu. Swali lako halistahili jibu, na jibu nimeshalitoa.

Nakuarifu kwamba sitaihitaji tena barua yako. Nimeongeza aya tatu katika ombi langu, na sasa ni kumi na nne. Aya ya kumi na mbili inaeleza kwamba njiwa walikuwa wa ndugu yangu, aliyehama nchi. Aya ya kumi na tatu inaeleza kwamba ndugu huyo ameombwa kukiri akakataa. Aya ya kumi na nne inaiomba mahakama itafakari ni kwa nini. Siku ya kusikilizwa ni ya kumi na tano ya Adari. Karani amenihakikishia kwamba maombi mengi ya namna hii hukubaliwa, maana Nisani haina mashahidi wa kuchezea: Pasaka ya Israeli yote imefungwa katika jioni ile moja.

Nilikuwa shahidi, Dosa. Baba yetu alikuwa mfumaji na babu yetu alikuwa mfumaji, na hakuna aliyewauliza neno lolote mpaka wakafa. Mimi herufi nilijifunza mwenyewe kwa kunakili maandishi ya makaburini, na siku moja katika maisha yangu niliingia mahali, nikasema, na kwa niliyoyasema watu kutoka Dani mpaka jangwani wakajua leo ni siku gani. Ukiwa na njia ya kunieleza kwa nini unataka kuninyang'anya hilo, nieleze. Kama huna, tafadhali uache kuandika.

Tabita hakukutumia salamu safari hii. Sijui sababu.

Halafta bin Zabdai


Nehardea
Siku ya kumi na saba ya Shebati, au ya kumi na sita

Tabita mwanangu, najua ni wewe unayesoma. Soma yote. Usiruke mstari, na usibadilishe neno kwa ajili yake wala kwa ajili yangu. Nisamehe kwa hili ninalokufanyia.

Kaka Halafta, amani kwako.

Ndiyo. Nilimwandikia Shila.

Mwezi wa Tamuzi nilipata barua ya Tabita. Usimgombeze, soma kwanza, yaani sikiliza kwanza. Aliniambia kwamba mwaka wa pili sasa huoni mbali zaidi ya bakuli lako, na kwamba umemkataza kulisema hata kwa mbuzi. Aliniambia ya Nisani. Alisimama nyuma yako kilimani, akakunong'oneza: upande huu, kimo hiki, pembe zimeelekea juu kama bakuli. Ukashuka ukiyarudia maneno yale njia nzima. Mahakamani ulikuwa shahidi wa pili katika kundi kubwa, wakakuuliza kwa kinywa tu, wakakupitisha. Ukarudi umebeba heshima, naye akala Pasaka nzima akilia jikoni, kwa sababu macho yaliyouona yalikuwa yake, na macho ya mwanamke mahakama haiyapokei, na kinywa kilichoapa kilikuwa chako.

Mwishoni akaandika, "Baba mdogo, safari ijayo watamwonyesha ubao."

Ungefanya nini, kaka? Ungeinua kidole mbele ya waamuzi watatu ukaonyesha mwezi mpevu, au ukaonyesha ukuta. Mrusha njiwa akitubu na kuvunja kibanda chake hurudishiwa jina lake. Aliyeshuhudia asichokiona, nani humrudishia?

Nikamwandikia Shila. Nikamwambia, wakitoa ubao, sema lolote, sema habari za njiwa wangu. Alinijibu mstari mmoja: "Mimi sijawahi kusema uongo, Dosa." Nikamjibu: "Basi huu utakuwa wa kwanza." Hakuniandikia tena. Sikujua kama atakubali mpaka nilipopata barua yako ya Tishri. Nilipofika pale kwenye ubao na sauti ya mlangoni, nilikaa chini, na Ahata akadhani umekufa.

Barua ya njiwa sikuiandika, na sitaiandika. Ukiipata utarudi kilimani Nisani hii.

Mwezi wa Nisani uliopita usikutese. Mahakama ilisema "umetakaswa," watu wakaitikia "umetakaswa." Mwezi ukishatakaswa umetakaswa, hata kwa makosa. Hilo unalijua kuliko mimi.

Sasa nitukane. Tukana kwa aya kumi na nne.

Mdogo wako,
Dosa


Kefari Ramta
Siku ya thelathini ya Adari, au ya kwanza ya Nisani. Saa hii bado sijui

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Dosa.

Amani juu yako, juu ya shemeji Ahata, na juu ya Zabdai mdogo, ambaye natumaini ameota jino la pili. Mlozi wa uani umemaliza kuchanua. Tumenunua mbuzi mwingine. Tabita anasema ni mwekundu. Mkono unaoandika barua hii ni wake. Maneno ni yangu.

Aliisoma yote. Alipofika penye jina lake alisimama kidogo, nikadhani amekosa mwanga, nikamwambia asogee mlangoni. Akasema, "Mwanga upo, baba." Akaendelea mpaka mwisho. Siku tatu sikusema naye. Si kwa hasira. Nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na kila nililolipata lilikuwa refu mno.

Siku ya kumi na tano nilikwenda kwenye shauri langu. Shila alinisindikiza. Safari hii aliponiambia "jiwe hilo," nilimwekea mkono begani, tukaenda hivyo mpaka mjini.

Karani akaita jina langu, akaanza kusoma aya ya kwanza. Nikamwomba aache. Mwamuzi aliyekuwa na ubao mwezi wa Tishri akauliza, "Unaliondoa ombi lako? Kwa nini, baba?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo, Dosa. Yalikuwa na utangulizi. Nikasema, "Sioni."

"Huoni sababu?"

"Sioni, mheshimiwa. Macho."

Nikamwambia na ya Nisani. Nilitarajia kufukuzwa. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema, "Ule umeshatakaswa, na Pasaka yake imeshaliwa. Sisi hatuugusi. Wewe una kazi yako na Mwenyezi mpaka Siku ya Upatanisho."

Ndipo Shila akajitokeza. "Na mimi," akasema. "Nilisema uongo hapa. Hana njiwa. Hajawahi kuwa nao."

"Njiwa walikuwa wa nani, basi?" akauliza karani.

"Wa mdogo wangu," nikasema.

Karani akafuta neno moja kwenye gombo, akaandika jingine. Kwa hiyo sasa mimi siwi shahidi kwa sababu ya macho, ambalo si kosa, na wewe ni mrusha njiwa kwa maandishi ya mahakama ya Galilaya. Pokea pongezi zangu. Shila wamemsimamisha miezi mitatu, kisha atarudi. Alishukuru kama aliyepewa zawadi. Baadaye wakatupeleka kwenye meza za mashahidi. Nikawaambia mimi si shahidi. Mpishi akasema, "Kaa, mzee, dengu haziulizi." Tukala bakuli moja, mimi na Shila.

Barua ya njiwa usiiandike.

Jana jioni, ya ishirini na tisa, tulipanda kilimani. Nilikwenda kwa sababu miguu yangu imezoea. Tabita alikuwapo, na Shila, na jirani yetu Hananeli mkamua zabibu, na ndugu wa mke wake. Hananeli na shemeji yake ni jamaa, nao jamaa hawashuhudii pamoja, kwa hiyo Hananeli alikwenda na Yosna wa kisima cha chini, ambaye anaufahamu mwezi ingawa hafahamu kitu kingine. Wameondoka na fimbo zao. Mpaka wafike, wahojiwe, waonyeshwe ubao, na neno litoke, barua hii haina tarehe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu naandika kama ninyi watu wa Babeli, kwa shaka. Nimegundua haiui.

Nilibaki juu na Tabita baada ya wengine kushuka. Akaniuliza kama nataka aniambie. Nikamwambia aniambie. Akasema uko juu kidogo ya mahali jua lilipozama, umelala chali, pembe zote mbili zimeelekea mbinguni, na kwamba ni mwembamba kuliko ukingo wa ukucha, ameshapata mfano mwingine lakini hautaji, asije mtu akauiba.

Alisema ulikuwa mzuri.

Mimi sikuuona.

Kaka yako,
Halafta bin Zabdai
kwa mkono wa Tabita bintiye